Risasi Isiyo na Risasi: Namna ya Kuchagua Katriji kwa Shotigani ya Zamani

Kila msimu wa kuwinda ukikaribia, simu yangu hupokea swali lilelile kutoka kwa watu tofauti. "Kaka, nimepata shotigani ya zamani, ya mitutu miwili. Risasi ya kawaida naambiwa inapigwa marufuku, basi nimenunua boksi la katriji za chuma. Zinaingia vizuri kabisa. Nipige?"

Usipige. Subiri kwanza. Katriji kuingia kwenye chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa, hakukuambii kwamba bunduki imeikubali, na bunduki ya mwaka 1910 haina namna ya kukuonya mpaka mtutu upasuke karibu na mkono wako wa kushoto.

Tukubaliane maneno kabla hatujaenda mbali, maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya: risasi ni yale madini mazito ya kijivu, na risasi ni kile kinachotoka bundukini. Kwenye mwongozo huu, *risasi* ni madini. *Katriji* ni ganda zima lenye fataki, baruti na vipira. Vipira vyenyewe ni *marisau*, kama wazee walivyoviita. Nikisema katriji ya chuma au ya bismuti, nataja madini ya marisau yake, siyo ya ganda.

Naandika nikiwa Uingereza, na mengi humu ni ya huku. Lakini bunduki za Birmingham (Uingereza), Liège (Ubelgiji) na Suhl (Ujerumani) zilifika Afrika Mashariki na Kongo pamoja na wakoloni, na baadhi bado zimo mikononi mwa familia. Ukiwa na mojawapo yenye kibali halali, hatua ni zilezile.

Kwa nini kuacha risasi

Kwa ufupi tu. Bata na ndege wengine wa majini humeza marisau wakidhani ni changarawe. Firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu, ndege anakufa polepole. Ndiyo sababu Marekani iliikataza risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikaikataza kwenye shotigani mwaka 1996, Uingereza ikaanza na kanuni za mwaka 1999 za England, na Umoja wa Ulaya ukaizuia kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 15, 2023. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwenda mbali zaidi ya ardhi oevu, ikatoa miaka mitatu ya mpito. Tanzania, Kenya na Uganda nazo zimo kwenye mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia, unaozitaka nchi wanachama kuachana na marisau ya risasi kwenye ardhi oevu. Na nyumbani mezani, mtoto anayekula nyama ya kwale yenye chembe za risasi anakula sumu ileile.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kibali chako cha kumiliki bunduki. Huku hakuna duka litakalokuuzia katriji bila kukiona.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, na lenzi ya kukuzia. Kamera ya simu inatosha pia.
- Kitambaa safi na mafuta kidogo ya bunduki.
- Sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji.
- Daftari.
- Fundi bunduki. Hana mbadala. Kama bei yake inakuuma, linganisha na bei ya vidole.

Hatua ya 1: Hakikisha iko tupu

Fungua bunduki, tazama chemba zote mbili, kisha chungulia mitutu kutoka nyuma ukielekeza mdomo kwenye mwanga. Sizungumzii katriji peke yake. Nimewahi kukuta kiota cha nyigu ndani ya mtutu uliokaa kabatini miaka mingi. Kizuizi cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha kuupasua.

Hatua ya 2: Soma mihuri

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Vua kipande cha mbao cha mbele, toa mitutu, igeuze. Chini, nyuma kabisa, kuna sehemu bapa inayolalia mwili wa bunduki. Pangusa mafuta na uchafu, kisha mulika tochi kwa ubavu, siyo moja kwa moja. Kivuli ndicho kinachoinua herufi zilizolika. Utaona mataji madogo, herufi na namba. Hiyo ndiyo mihuri ya upimaji: kila mtutu ulipigwa kwa makusudi na baruti kuzidi kiwango, ukanusurika, ukagongwa muhuri. London wanafanya hivyo tangu 1637, Birmingham tangu 1813.

Swali la kwanza la kuiuliza mihuri hiyo: bunduki hii ilipimwa kwa baruti nyeusi tu, au kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile inayoitwa nitro?

Bunduki ya Birmingham: tafuta NP chini ya taji. Hiyo ni nitro. Ukiona BP bila NP popote, hiyo ni ya baruti nyeusi. Ya London: tafuta NP pamoja na mkono ulioshika upanga uliopinda. Ya Ubelgiji, ambazo ndugu wa Kongo na Burundi wanaweza kukutana nazo: herufi ELG ndani ya duara refu ni muhuri wa Liège, lakini nitro ni simba juu ya PV. Ya Kijerumani: taji juu ya N.

Kama ni ya baruti nyeusi tu, mwongozo wako unaishia hapa mpaka fundi aseme vinginevyo. Hakuna katriji ya kisasa ya dukani, ya chuma wala ya bismuti (madini mbadala laini, tutayafikia Hatua ya 6), itakayoigeuza kuwa salama. Anaweza kuipeleka kupimwa upya kwa nitro. Inaweza kufaulu, inaweza pia kurudi imetuna. Wengi huitundika ukutani, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Swali la pili: urefu wa chemba. Kwenye bunduki za Uingereza zilizopigwa muhuri kuanzia 1925 utaona 2½", 2¾" au 3". Kabla ya hapo urefu huo haukuandikwa, kwa hiyo chukulia ni inchi 2½, yaani milimita 65, mpaka kipimo kikuambie tofauti. Geji ni namba ya upana wa mtutu; ikiwa ndogo, mtutu ni mpana zaidi. Geji 16 za Kijerumani za kabla ya vita nazo kwa kawaida ni milimita 65, hata kama kwenye muhuri wa duara umeona 16 peke yake.

Swali la tatu: shinikizo. Bunduki za Uingereza zilizopimwa kuanzia 1954 zina 3 TONS, yaani tani kwa inchi ya mraba, au zaidi kidogo. Za baadaye zina 850 BAR (baa, kipimo kingine cha shinikizo) au namba nyingine ya aina hiyo. Za kabla yake mara nyingi zina uzito wa marisau, mfano 1⅛ OZ, yaani gramu 32 na si zaidi. Andika kila kitu daftarini, hata usichokielewa, na upige picha.

Hatua ya 3: Pima chemba, usiamini muhuri peke yake

Hili lilinipata mimi. Miaka ya mwanzo nilinunua boksi la katriji za milimita 70 kwa bunduki ya milimita 65. Ziliingia kama zimepakwa siagi. Nikapiga kama kumi hivi, bega likalalamika, nikadhani ni ugeni. Nilipompelekea fundi hakutazama bunduki kwanza, aliomba maganda. Akaliweka moja kiganjani, akanionyesha mdomo wake: umechanika nyuzinyuzi kama ufagio uliochakaa. "Hili," akasema, "halikupata pa kufungukia."

Ujanja uko hapa. Urefu ulioandikwa kwenye katriji ni wa ganda likiwa limeshapigwa na kufunguka. Likiwa jipya, mdomo umekunjwa, ganda ni fupi, linaingia hata pasipolistahili. Ukipiga, mkunjo unafunguka na kuingia kwenye shingo ya mtutu, pale chemba inapoanza kubana. Mzigo wote unalazimika kupita kwenye tundu lililopungua, na shinikizo linapanda.

Muombe fundi aingize kipimo cha chemba. Dakika mbili. Atagundua pia kama mtu alishairefusha chemba ili itumie katriji ndefu bila kuipeleka kupimwa upya. Hilo lilifanywa sana, na muhuri hautakuambia.

Kanuni: katriji iwe na urefu sawa na chemba au pungufu, kamwe isizidi. Kuna ubaguzi mmoja: huku Uingereza kuna katriji zilizoandikwa milimita 67 ambazo mtengenezaji anataja kwenye boksi kuwa zinafaa chemba ya inchi 2½. Boksi lisiposema hivyo, acha.

Hatua ya 4: Mwache fundi apime mitutu

Mambo matatu. Kipenyo cha ndani, kinachopimwa inchi 9 kutoka nyuma na kulinganishwa na namba ya muhuri. Geji 12 ya kawaida ni inchi 0.729. Kama kimeongezeka kwa inchi 0.010 kwa sababu ya kutu na kusuguliwa, bunduki imetoka nje ya upimaji, na kuiuza hivyo hapa Uingereza ni kosa la jinai. Pili, unene wa ukuta wa mtutu. Mafundi wengi hawapendi kuona chini ya inchi 0.020, kama nusu milimita, na mtutu unaweza kung'aa ndani na nje na bado uwe mwembamba kuliko huo. Tatu, mkazo: bunduki ikifungwa isicheze.

Angalia pia atakavyoininginiza mitutu kwa kidole na kuigonga kwa kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, ule ukanda wa kati unaounganisha mitutu umeachia.

Kama mitutu ina michoro ya mawimbi kama nafaka ya mbao, hiyo ni Damasko, nyuzi za chuma zilizosokotwa na kufuliwa pamoja. Kuna Damasko iliyofaulu upimaji wa nitro na bado inapiga vizuri. Lakini marisau ya chuma usiyapitishe humo, hata duka likuhakikishie.

Hatua ya 5: Jua choki yako

Choki ni mbano wa mwishoni mwa mtutu. Bunduki za zamani za mitutu pacha mara nyingi zina mtutu wa kulia ulio wazi na wa kushoto uliobana sana. Fundi akupe namba: nusu choki ni mbano wa inchi 0.020 hivi, choki kamili 0.040. Iandike mtutu kwa mtutu.

Hatua ya 6: Chagua madini

Sasa ndiyo dukani.

*Bismuti.* Kwa bunduki ya zamani hili ndilo jibu langu la kwanza, na mara nyingi la mwisho. Ni laini, inapita choki yoyote bila kuumiza mtutu, na uzito wake unakaribia wa risasi: gramu 9.6 hivi kwa sentimita ya ujazo, risasi ikiwa 11. Huchanganywa na bati kidogo kwa sababu peke yake hupasuka kama biskuti. Eley na Gamebore wanatengeneza. Ubaya ni bei. Boksi moja litakutoa mara kadhaa ya boksi la chuma, na hakuna hirizi ya kulipunguza. Mimi nayatumia kuwinda, na visahani vya udongo vya mazoezi ya shabaha napigia bunduki nyingine ya kisasa yenye katriji za chuma.

*Tungsteni iliyochanganywa na plastiki.* Laini pia, nzito kuliko bismuti, nzuri kwa bunduki ya zamani. Ghali zaidi bado. Lakini soma vizuri: kuna marisau ya tungsteni magumu, mazito kuliko risasi yenyewe, yaliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za kisasa. Hayo yatachora mitutu yako kama msumari kwenye ubao. Neno "tungsteni" peke yake halitoshi; boksi liseme wazi kwamba ni salama kwa bunduki za zamani na kwa choki zote.

*Chuma.* Ndiyo ya bei nafuu kuliko yote, gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo, na ndiyo inayoleta maswali. Ziko aina mbili. Ya kawaida kwa geji 12 imewekewa mipaka: shinikizo lisizidi baa 740, marisau yasizidi milimita 3.25. Ya nguvu hufika baa 1050 na inahitaji bunduki yenye muhuri wa ua la yungiyungi. Bunduki yako ya zamani haina ua hilo. Usiiguse.

Chuma cha kawaida kinaruhusiwa kwenye bunduki iliyopimwa kwa nitro, yenye chemba ya urefu unaolingana, iliyo nzima, na choki isiyozidi nusu. Siku hizi zipo hata za milimita 65. Kwa hiyo, kisheria na kiufundi, baadhi ya bunduki za zamani zinaweza. Mimi kwa mtutu mwembamba wa kabla ya vita bado nasema bismuti. Fundi wako akiishika bunduki yenyewe na kusema chuma cha kawaida kinafaa, msikilize yeye kuliko mimi ambaye sijaiona.

Hatua ya 7: Uzito na ukubwa

Gramu 28 au 30 zinatosha kwa geji 12 ya milimita 65. Usitafute nguvu. Mzee hafukuzwi mbio.

Ukubwa wa marisau: kadiri madini yanavyokuwa mepesi, ndivyo unavyochukua marisau makubwa zaidi. Kama ulizoea namba 6 ya risasi (milimita 2.6), chukua namba 5 ya bismuti (2.8) au namba 4 ya chuma (3.1). Hizo ni namba za Kiingereza. Namba 6 ya Marekani ni karibu sawa na namba 5 ya Uingereza, kwa hiyo tazama milimita, siyo namba.

Hatua ya 8: Soma boksi, halafu soma katriji

Geji, urefu, madini, gramu, na maneno ya mtengenezaji kuhusu bunduki za zamani. Kisha tazama katriji moja moja. Boksi linaweza kuwa la bismuti na ndani kukachanganywa na mtu. Ukiwa na shaka, usizipige; zirudishe dukani. Sumaku itakusaidia kwenye marisau yaliyomwagika au uliyoyatoa kwenye nyama: chuma kinanasa, bismuti na risasi hazinasi. Sumaku haitakutofautishia hizo mbili.

Hatua ya 9: Jaribu kwenye karatasi

Usiende kuwinda kwanza. Weka karatasi yenye upana wa mita moja na zaidi, yenye kizuizi salama nyuma yake, yadi 40 kwa bismuti, yadi 30 kwa chuma. Vaa miwani, marisau ya chuma hudunda vibaya yakigonga jiwe. Piga katriji moja kila mtutu, chora duara la inchi 30 pale marisau yaliposongamana, tazama mapengo. Kisha okota ganda, kagua mdomo wake na fataki.

Makosa yanayojirudia

Kosa baya kuliko yote halihusu madini kabisa. Katriji ya geji 20 ikidondokea kwenye chemba ya geji 12, inateleza na kunasa mbele kidogo. Unatazama, unaona chemba tupu, unaweka geji 12 nyuma yake. Zikilipuka pamoja, mtutu unaondoka. Ndiyo maana geji 20 zina rangi ya njano. Ukiwa na bunduki za geji zote mbili, usichanganye mfuko. Hata ukihama shamba, kagua mifuko ya koti.

La pili: kuamini mng'ao. Mitutu iliyosuguliwa vizuri kwa ajili ya mnada inaweza kuwa ndiyo iliyomaliza unene wake.

La tatu: kujaza katriji nyumbani kwa kubadilisha marisau ya risasi na ya chuma ndani ya katriji ileile. Hapana. Chuma kinahitaji baruti yake na kikombe kinene cha kuyatenga marisau na mtutu.

La nne: kupiga chuma msituni. Shamba lenye miti ya mbao litakuchukia, maana marisau ya chuma yanabaki ndani ya gogo na kuvunja meno ya msumeno. Uliza mwenye shamba. Na uulize pia kama anakubali vikombe vya plastiki, wengi hawavitaki.

Shida zikitokea

*Ganda limekwama kutoka.* Chemba chafu, au shinikizo kubwa. Safisha. Likirudia na katriji ileile, acha katriji hiyo.

*Mdomo wa ganda umechanika.* Katriji ni ndefu kuliko chemba. Simama hapohapo, kapime chemba.

*Fataki imebonyea bapa au imetoboka.* Acha, muone fundi.

*Mlio hafifu, kama kikohozi.* Usipige ya pili. Fungua, toa katriji, chungulia mtutu: huenda kizibo, kile kinachotenga baruti na marisau, kimebaki ndani, na mzigo wa katriji ya pili utakutana nacho.

*Umefyatua, kimya.* Endelea kuelekeza bunduki mahali salama kwa nusu dakika kabla ya kuifungua. Katriji nyingine huchelewa.

*Pete imejitokeza karibu na mdomo wa mtutu.* Ukipitisha kidole utaisikia. Huo ni uvimbe wa chuma kilichopita choki iliyobana. Mtutu huo umestaafu mpaka fundi autazame.

*Karatasi ina mapengo na bismuti.* Jaribu marisau ya ukubwa mwingine au chapa nyingine kabla ya kufikiria kuchonga choki. Choki ukishaipanua hairudi, na bunduki ya miaka mia moja haina mitutu ya akiba.